Trei ya Chini ya Jiko la Gesi

Mimi nina kinyaa, na sioni haya kusema. Wapo watu wanaoficha kinyaa chao kwa adabu. Wanapewa kuku mwenye damu kwenye paja, wanamtafuna huku wanasema asante, halafu kesho yake hawatoki chooni. Mimi nikiona wekundu kwenye mfupa narudisha sahani. Nimerudisha sahani kwenye harusi, nimerudisha kwenye ubatizo, na mara moja nilirudisha nyumbani kwa mchungaji. Mke wa mchungaji hajanisamehe mpaka leo, na mimi sijamwomba.

Kinyaa hicho ndicho kilichonilisha. Shule niliishia darasa la tatu, kule Munisagara, kwa sababu baba alisema mtoto wa kike akishajua kuandika jina lake inatosha. Nikaenda kuuza ndizi za kuchoma kwenye madirisha ya treni, sinia kichwani, vumbi puani. Nilipopata akili nikahamia Mikumi, kwenye barabara ya malori, nikapasua pipa katikati kwa mikono yangu, nikaanza kuchoma nyama. Wanaume wachomaji wakacheka. Walisema mwanamke na moshi wa nyama wapi na wapi. Niliwaacha wacheke, wao walikuwa wanakata nyama mbichi na nyama iliyoiva juu ya kibao kimoja, na kibao hicho wanakifuta kwa kitambaa walichofutia jasho.

Nusu moja ya pipa niliiweka mashariki ya kibanda. Hiyo ilikuwa ya mbuzi, ng'ombe na kuku, na mnyama alichinjwa na Mwislamu, siku zote, ili kila mtu ale. Nusu ya pili niliiweka magharibi, ng'ambo ya mtaro. Hiyo ilikuwa ya kitimoto. Mimi ni Mkristo, watu wangu wa milimani wanakula nguruwe, na madereva wengi walikuwa wanaitaka. Lakini visu vya ng'ambo ya mtaro nilivifunga kitambaa chekundu kwenye mpini. Ndoo yake ilikuwa yake, aproni yake yake, hata chumvi yake ilikuwa na kopo lake. Mchomaji wangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, alivuka mtaro na kisu chenye kitambaa chekundu akakatia mguu wa mbuzi. Nilimfukuza kabla hajamaliza kukata. Ule mguu niliutupa. Alisema hakuna aliyeona. Nikamwambia mimi nimeona, au mimi si mtu?

Kwa hiyo dereva wa Kiislamu alikuwa anashuka kwenye lori lake, anaangalia magharibi, anaangalia mashariki, anavuta kiti anakaa. Sikuhitaji cheti kingine. Miaka thelathini hivi, mpaka magoti yalipokataa kusimama, nikarudi Kilosa na kujenga mtaa wa Magomeni. Vyumba vinne, bati jipya, choo cha kumimina maji. Nimejenga kwa mbuzi na kwa kuosha mikono.

Nimeeleza yote hayo ili mtu aelewe kwa nini jambo la jiko la gesi lilinitia kichefuchefu ambacho hakijaisha.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pekee, alipata mchumba kutoka Mvumi, ya hukuhuku Kilosa. Kijana mzuri, fundi wa pampu za maji, Mwislamu. Baba yake alikubali. Mwenye neno alikuwa shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama kufariki. Huyo shangazi alisema wazi, na maneno yalinifikia siku hiyohiyo maana Mvumi si mbali na midomo ina miguu. Alisema dini ya msichana haimsumbui, wapo wengi wameoana hivyo wakaishi. Kinachomsumbua ni nyumba. Alisema yule bibi alichoma nguruwe barabarani miaka yote hiyo, mimi nitakulaje kwenye vyombo vyake? Na kijana alimwambia mjukuu wangu, huku analia, kwamba shangazi asipokubali kula kwetu, yeye hawezi kuoa, kwa sababu hawezi kumwacha mama aliyemlea upande mmoja na mke upande mwingine.

Sikukasirika. Mtu anayeuliza kuhusu vyombo ni mtu wa aina yangu. Nilimtumia salamu kwamba aje Jumamosi, aje mapema, aangalie kila chombo changu, aingie hadi jikoni, na mchinjaji atakuwa mzee jirani yangu, Mwislamu wa msikiti, aliyestaafu kazi ya reli, ambaye anachinjia mtaa mzima. Akajibu kuwa atakuja. Akila, mambo yamekwisha. Asipokula, kijana harudi. Mjukuu wangu tangu siku hiyo akawa hali vizuri, anafagia ua mara tatu kwa siku.

Ndipo mwanangu alipokuja na jiko.

Mwanangu yuko Mikumi, mpishi kwenye nyumba moja ya wageni wanaokuja kuangalia wanyama. Alifika Jumatano na pikapu ya rafiki yake, na nyuma kimefungwa kamba kitu kama jeneza lenye magurudumu. Alipolishusha ua mzima ulijaa watoto. Jiko la gesi la kuchomea nje, lina mfuniko mkubwa unaong'aa, lina mioto minne iliyopangwa mstari, kila mmoja na kitufe chake, na juu ya mfuniko lina saa ya kuonyesha joto. Kazini kwao wameletewa jipya, hili wakampa yeye. Alisema mama, wageni wa Mvumi hawawezi kukuta unapuliza mkaa kama zamani. Nilimjibu kwamba hiyo zamani ndiyo iliyomnunulia viatu vya shule.

Lakini sikulikataa. Nisidanganye, lilinivutia. Na hapo ndipo kiburi changu kilipoanza kunifanya mjinga.

Mwanangu alifunga mpira kwenye mtungi, akachukua kiberiti, akataka kupitisha moto kwenye maungio aone kama gesi inavuja. Nilimpiga mkono kiberiti kikaruka. Mtu mzima, mpishi, anatafuta gesi kwa moto. Hivyo ndivyo nusu ya mji huu wanavyofanya, na nyusi zao zinaonyesha. Nilikoroga sabuni ya unga kwenye kopo, nikapaka povu kwenye maungio yote. Palipovuja paliota mapovu kama mdomo wa kaa. Alikaza, tukapaka tena, yakatulia. Halafu alitaka kulisukuma jiko chini ya paa la makuti, karibu na ukuta, ati kuna upepo. Nikamwambia jiko lenye mfuniko limejitosheleza kwa upepo, litakaa katikati ya ua peupe, na mtungi utasimama wima. Maana nao huo ni ugonjwa wa watu wetu: gesi ikipungua wanaulaza mtungi, wanautikisa, wanaumwagia maji ya moto kama wanamwogesha mgonjwa. Chakula kitamu hakitoki kwenye mtungi uliolazwa. Kinatoka kishindo.

Siku hiyo nilichoma kuku mmoja wa kujaribia. Niliwasha mioto yote minne, kwa sababu mimi ni mtu wa mkaa na kwenye mkaa moto ni moto. Baada ya muda mfupi ngozi ikawa nyeusi, inang'aa, inanukia vizuri kabisa. Nikamtoa. Nikakata kwenye kiungo cha paja, ikatoka damu. Kuku amevaa koti la sherehe na ndani bado anaishi. Nilimtupa.

Alhamisi nilirudi nalo peke yangu. Sikutaka mwanangu anifundishe. Niliwasha mioto miwili ya kushoto, ya kulia nikaizima, nikaacha mfuniko wazi mpaka moto ushike, maana gesi ukiifungia kabla haijawaka inakusubiri usoni. Kisha nikafunika jiko lipate joto. Kuku nilimkausha maji kwa kitambaa safi, nikampaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, nikamlaza upande usio na moto. Nikamfunika, nikakaa. Kila nilipotaka kufunua nilijizuia, maana kila ukifunua unafukuza joto. Mwishoni nikamhamishia upande wenye moto kidogo, ngozi ikakaza. Nilipokata paja, maji yalitoka meupe kama ya kunawa, na nyama ikaachia mfupa bila ugomvi. Sinia alimokaa kuku mbichi nilikuwa nimeshaiosha na kuigeuza juani, nikamweka kwenye nyingine.

Nilifurahi, nikajiona bingwa. Paja hilohilo nikampelekea mzee jirani, mchinjaji, kwenye kibaraza chake, aonje aniambie. Alikula lote akalamba kidole. Alisema, "Jirani, hili jiko lako lina heshima." Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Sasa nisikilize vizuri. Pipa la mkaa halina siri. Mafuta yanadondoka kwenye majivu, majivu unayamwaga kila asubuhi, basi. Mtu aliyekaa miaka thelathini na pipa hawezi kuwaza kwamba jiko lina droo chini yake inayopokea mafuta na kuyatunza. Na mimi sikuuliza. Ningemuuliza mwanangu jiko hili linasafishwaje, angenijibu nini sijui, lakini ningeinama niangalie. Sikuuliza kwa sababu mimi ndiye ninayeulizwa.

Jumamosi alfajiri mzee alichinja mbuzi na kuku sita, kwa kisu chake mwenyewe, akaanza kukatakata juu ya meza yangu mpya. Kulipopambazuka vizuri niliwasha jiko nikalaza kuku wanne. Safari hii palikuwa na mafuta mengi kuliko ya kuku mmoja, na yalidondoka. Nikasikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika, kisha moshi mweusi ukatoka kwa chini, halafu ulimi wa moto ukalamba magurudumu. Mwanangu alikimbilia ndoo ya maji. Nilimzuia, maji kwenye mafuta yanayowaka ni kumwaga moto ua mzima. Nilizima vitufe, nikafunga mtungi, nikatupia mchanga kule chini mpaka ulimi ukafa.

Ndipo nikainama. Nikaona kishikio kidogo. Nikavuta.

Sijui niandikeje. Ilitoka trei ndefu kama ya kuokea mikate, na ndani yake mchanga wangu ulikuwa umefunika nusu tu. Nusu ya pili, ambayo moto haukuifikia, ilikuwa na mafuta ya miezi, labda ya mwaka, yamepangana matabaka, ya chini meusi, ya kati ya kahawia, ya juu meupe. Ndani ya meupe kulikuwa na miguu ya mende, na mende wenyewe, na mavi ya panya yaliyokaa kama choroko. Panya mmoja alikuwa amepita, njia yake ilionekana. Na juu ya uchafu huo mimi nilikuwa nimekaa siku tatu najisifu.

Nilidhani huo ndio mwisho wa kinyaa. Nikachukua mafuta meupe kwa ncha ya kidole.

Mafuta ya mbuzi yakipoa yanaganda kama mshumaa. Yanashika kidole, yanakwama kwenye kaakaa la mdomo, ukitaka kuyatoa unakwangua. Haya yalikuwa yanateleza, na hayakuwa ya kuku, maana ya kuku hayagandi meupe hivyo. Nilisugua kidole kwa kidole yakayeyuka kama losheni. Nikanusa. Nimeyauza mafuta hayo ng'ambo ya mtaro miaka yangu yote ya Mikumi, siwezi kuyakosea hata nikiwa kipofu. Kwenye kona ya trei kilikuwepo kipande cha ngozi kilichokauka, na vinyweleo vyake vinne.

Nilimwita mwanangu kando, nyuma ya tangi la maji.

"Kule kazini walikuwa wanachoma nini juu ya hili jiko?"

"Kila kitu, mama. Kuku, samaki. Wageni walikuwa wanapenda sana mbavu."

"Mbavu za nani?"

Akaangalia viatu vyake. Zamani viatu nilikuwa namnunulia mimi.

"Mama, moto wa gesi unaunguza kila kitu," akasema. "Nyavu za kuchomea nilizisugua. Mfuniko niliung'arisha mpaka unajiona. Nani atajua? Ni posa ya mwanangu hii."

Nikamwambia ndiyo, ni posa ya mwanao, na wewe umemchomea mkwe wa mwanao kuku juu ya mafuta ya nguruwe na mavi ya panya. Alianza kulia kimyakimya, na sikumwonea huruma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa namkumbuka yule mchomaji mwenye watoto wanne. Yule nilimfukuza. Mwanangu nitamfukuza aende wapi? Na mimi je? Kisu chekundu kilikuwa kimevuka mtaro Alhamisi, mkononi mwangu, kikaenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha mzee.

Nilitamani kunyamaza, naandika ukweli. Nilisimama pale nyuma ya tangi nikapiga hesabu ya watu wanaojua. Mimi na mwanangu. Kuku wanne wangekwenda kwa mbwa, jiko lingefunikwa, mjukuu wangu angeolewa. Wengi wangefanya hivyo na wangelala usingizi. Lakini kile kidole kilikuwa kinateleza bado. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa majivu, nikaosha tena kwa ndimu, na kila nikikisogeza puani kilikuwepo.

Nilimwendea mzee pale alipokuwa anakata nyama. Nilisimama mbali na meza, nisiguse kitu.

"Mzee, lile paja la juzi lilitoka kwenye jiko lililochomewa kitimoto. Nilikuwa sijui. Nimejua sasa hivi, nawe ujue."

Akaweka kisu chini polepole. Akageuka pembeni akatema mate, kisha akatema tena. Nilingoja anitukane, ningepokea. Alikwenda kwenye bomba la nje, akasukutua, akasukutua, akarudi anajifuta ndevu.

"Asiyejua hana dhambi," akasema. "Mwanao alijua?"

"Alijua."

"Hilo ni lake na Mungu wake." Akaangalia nyama mezani. "Na hawa wageni?"

Akaniambia yeye hatawaendea kusema, si kazi yake kuvunja posa ya watu, lakini wakimuuliza hatadanganya. Kisha akaniambia nikae mbali na nyama ile, kwa kuwa mikono yangu imeshika nilichoshika. Alimwita mke wake, wakaleta jiko lao wenyewe la mkaa, lile wanalochomea siku ya Idi. Sikuliomba. Na wao ndio waliochoma, na mimi, mchomaji wa Mikumi, nikakaa kwenye stuli nimekunja mikono mapajani kama mgeni, nasema tu geuza hapo, sogeza pale, mafuta yanadondokea moto, toa. Mke wa mzee alinivumilia mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Mama, nami nimewahi kuona nyama." Nikafunga mdomo.

Kuku wanne tuliwatupa, jiko la gesi tukalisukumia ukutani tukalifunika kanga. Trei niliipeleka nyuma ya choo. Sikuimwaga. Sijui kwa nini sikuimwaga, labda ile hesabu ya nyuma ya tangi ilikuwa haijaisha.

Wageni walikuja saa tano, wanne, baba wa kijana, kijana mwenyewe, mjomba wake mmoja, na shangazi. Mwanamke mrefu, mkavu, baibui limepigwa pasi. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, mkono wake ulikuwa wa baridi. Hakukaa. Aliomba aone jikoni kwangu, nikampeleka. Alifunua masufuria, akageuza vikombe, akapitisha macho chini ya meza. Sikumsaidia wala sikumzuia. Aliporudi uani alikaa mkekani, na macho yake yakaenda moja kwa moja ukutani.

"Kile ni nini mmekifunika kanga?"

Mwanangu akawahi. Alisema ni jiko bovu tu, shangazi, halifanyi kazi.

Mjukuu wangu alikuwa anaingia na jagi la maji ya kunawa. Alikuwa anajua, nilikwishamwambia, sikutaka aolewe juu ya kitu asichokijua. Aliniangalia. Uso wake ulikuwa umepauka, na sikuona ndani yake kama ananiomba niseme au ninyamaze.

"Si bovu," nikasema. "Linafanya kazi vizuri kuliko mkaa. Lilichomewa kitimoto na mwanangu hakutuambia. Tumeligundua leo asubuhi. Chakula utakachowekewa hakikugusa jiko lile wala mikono yangu, kimechomwa na mke wa mzee huyu, kwenye jiko lao. Lakini lilikuwepo hapa, na Alhamisi lilitumika, na mzee alikula bila kujua. Sasa umeuliza, nimekujibu."

Shangazi akamgeukia mzee. Mzee alisema ni kweli, alikula, na aliambiwa leo kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba wa kijana alianza kusema basi, basi, yameisha. Shangazi akanyanyua mkono wake mmoja, baba wa kijana akaishia hapo.

"Umejuaje ni kitimoto?" akaniuliza.

"Kwa mafuta."

"Yako wapi?"

Nilimpeleka nyuma ya choo, sisi wawili. Jua lilikuwa limeshapanda, mafuta yalikuwa yamelegea, na mende mmoja aliyekuwa ameganda alikuwa ameanza kuelea. Nzi walikuwa wa kijani. Shangazi aliinama aangalie, kisha akashika ukuta, akaziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. Nami nilimwona anaziba, na mimi likanipanda, nikashika ukuta upande wangu. Tulisimama hivyo, wanawake wawili wazima, kila mmoja anapigana na koo lake, hakuna aliyeweza kumpa mwenzake pole.

Alipopata pumzi akasema, "Hata haya yangekuwa ya kondoo, mtu angepika juu yake?"

"Hawezi."

"Basi mwanao ni mchafu kwanza. Mengine yanafuata."

"Ni mchafu," nikasema. "Sikumlea hivyo."

"Watoto wa kiume," akasema, na akatangulia kurudi.

Aliketi, akanawa, akasema bismillahi. Mke wa mzee aliweka sinia la mbuzi katikati, nyama imeiva vizuri, siwezi kumnyima sifa, na ndizi za kuchoma pembeni na kachumbari. Wote walimngoja yeye. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, jagi mkononi, maji yanamwagika kidogokidogo miguuni na hajui. Shangazi alichukua kipande cha mbavu, akakipeleka mpaka mdomoni. Akakirudisha.

"Siwezi," akasema. "Nikifumba macho naiona ile trei."

Nikajua posa nimeivunja mwenyewe kwa mdomo wangu. Kijana aliinamisha kichwa. Shangazi aliendelea kukiangalia kile kipande, kisha akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ileile kavu, "Nifungie."

Sikuelewa. Akarudia.

"Nifungie niende nayo nyumbani, nitaila tumbo likitulia. Na uweke nyingi, mkwe. Nina watu kule."

Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hapo. Mtu anaweza kula kwako kwa heshima, akasukutua akifika njiani. Lakini chakula hakibebi kwenda nacho kwake, akakiweka mezani mbele ya watoto wake, kama haamini kilikotoka. Mjukuu wangu aliweka jagi chini, akakimbilia ndani kuleta hotpoti yangu kubwa, ile yenye maua. Baba wa kijana na mjomba walishaanza kula, wanaume hawana kinyaa cha muda mrefu. Mimi na shangazi hatukuonja kitu. Tulikaa upande wa kivuli tukanywa chai ya rangi yenye tangawizi, vikombe viwili viwili, tukazungumzia watu tuliowahi kuwaona wakipika.

Jiko tuliliosha wiki iliyofuata, au niseme mwanangu aliliosha. Mzee alimwambia ni mara saba, na mara moja kwa udongo. Akavuta kiti, akakaa kwenye jua na tasbihi yake, anahesabu. Alipofika nne mwanangu akasema ni tano. Mzee akamwambia, "Tuanze upya." Nyavu zilitupwa, zikawekwa mpya, na trei ilifukiwa, fundi akakunja nyingine ya bati. Mtu akiniuliza leo kama jiko la gesi ni zuri, namwambia ni zuri sana, kuku wake huwezi kumpata kwenye pipa. Paka povu kwenye maungio, washa likiwa wazi, tenga upande wa moto na upande usio na moto, kata paja uone. Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata hujashika chumvi, inama uvute trei ya chini. Mimi bado nikiivuta nafumba jicho moja.

Kabla ya harusi hotpoti yangu ilirudi kutoka Mvumi. Kijana aliileta mwenyewe, na haikurudi tupu, ilikuwa imejaa mchele wao mpya mpaka juu. Niliumimina kwenye ungo. Kisha nikaigeuza ile hotpoti kuelekea mwangani, nikapitisha kidole chini ya ukingo wa mfuniko, pale kwenye mpira, mahali ambapo watu hawaoshi.

Kidole kilitoka kikavu.